Nomino Isiyo na Kitenzi: Woga katika Filamu ya Augure ya Baloji

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu filamu ya kutisha ambayo, kwa mtazamaji aliyezoea utanzu huo, huenda isionekane kuwa ya kutisha hata kidogo. Ndani yake hamna mzuka unaotoka kaburini, wala jini lenye macho mekundu, wala meno yaliyochongoka. Hata hivyo, tulipoionyesha kwa wanafunzi wetu hapa Kolwezi, katika chumba ambacho madirisha yake yalizibwa kwa vitenge ili picha ya projekta ionekane vizuri, walitulia kwa namna ambayo hatujaizoea. Filamu ilipokwisha, mmoja wao aliuliza: "Bwana Asistanti, sasa mulozi alikuwa nani?" Wenzake walicheka, kisha wakanyamaza, kwa kuwa hapakuwa na aliyeweza kumjibu.

Swali hilo ndilo lililotusukuma kuandika. Filamu yenyewe ni Augure, filamu ndefu ya kwanza ya Baloji, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes mwezi wa Mei 2023, katika kitengo cha Un Certain Regard, na kupata huko tuzo ya Sauti Mpya. Mwaka huohuo Ubelgiji iliichagua kuiwakilisha katika mashindano ya Oscar. Wahusika wake wanazungumza Kifaransa, Kiswahili, Kilingala na Kiingereza. Picha zake zilipigwa Kinshasa na Lubumbashi. Mtunzi alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji angali mtoto mdogo, akajulikana kwanza kama mwanamuziki wa kundi la Starflam, kisha kama mwimbaji peke yake, kabla ya kugeukia filamu fupi, miongoni mwao Zombies (2019).

Tukianza na anwani yenyewe, msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko msomaji wa Kifaransa. Neno augure linatokana na wale makuhani wa Roma ya kale waliotazama ndege angani wakabashiri mambo yajayo. Kiswahili kimehifadhi uhusiano huohuo bila kuuazima kutoka Roma: twasema mtu amekutana na ndege njema au ndege mbaya, tukiwa na maana ya dalili ya heri au ya shari. Kwa hiyo filamu hii ingaliweza kuitwa Ndege kwa lugha yetu, na mtazamaji wa pwani angalielewa mara moja kwamba inahusu dalili na wanaozisoma dalili hizo. Tofauti ni kwamba hapa ndege mwenyewe ni mtoto wa watu.

Dai letu katika makala haya ni hili: woga wa Augure haukujengwa juu ya kiumbe wala tukio, bali juu ya jina. Na si kila jina. Ni jina lisilo na kitenzi nyuma yake, yaani jina ambalo mtu hupewa bila kuelezwa ametenda nini. Tutajaribu kuonyesha jinsi fani ya filamu inavyolitumikia jambo hilo, na kwa nini jambo hilo linatugusa sisi tunaoishi katika ukanda wa shaba.

2. Muhtasari wa hadithi

Filamu inafungua jangwani. Mwanamke amepanda farasi. Anafika penye maji, anashuka, anayakamua maziwa ya titi lake, na maziwa yanageuka damu ndani ya maji. Hatuelezwi ni nani. Kisha tunahamishiwa Ubelgiji, kwa Koffi na mchumba wake Alice, ambaye ana mimba ya mapacha. Koffi anakatwa nywele zake ndefu na anajizoeza Kiswahili, kwa maana anajiandaa kurudi Kongo baada ya miaka mingi, ili apeleke mahari kwa baba yake na amjulishe mkewe mtarajiwa kwa ukoo.

Koffi alizaliwa na alama usoni. Kwa sababu ya alama hiyo mama yake, Mujila, alimwona kuwa zabolo, na akatengwa na nyumbani. Safari ya kurudi inaanza vibaya: wanafika, hakuna aliyekuja kuwapokea. Baba, ambaye mahari ingepasa kupokelewa naye, haonekani. Habari ni kwamba yuko mgodini. Katika mkusanyiko wa ukoo, Koffi anampakata mtoto mchanga wa dada yake, na ghafla damu inamtoka puani ikamdondokea mtoto. Kuanzia hapo filamu haina njia ya kurudi. Koffi anakamatwa na jamaa zake, anafanyiwa tambiko la kumsafisha, na uso wake unafungiwa ndani ya kinyago cha mti.

Hadithi imegawanywa katika sura nne, kila moja ikiwa na jina la mhusika: Koffi, Paco, Tshala na Mujila. Paco ni kijana wa mtaani anayemwombolezea dada yake na kuliongoza kundi la watoto wanaovaa magauni ya rangi ya waridi. Tshala ni dada yake Koffi, mwanamke anayetaka kuishi apendavyo na ambaye moyo wake umekwisha kuhamia Afrika Kusini. Mujila ni yule mama tuliyemchukia tangu sura ya kwanza. Wote wanne wanahesabiwa na jamii kuwa ni walozi kwa namna fulani.

3. Utanzu na gharama

Kwa vipimo vya filamu ndefu za Ulaya, Augure iligharimu kidogo. Tunalitaja hili si kwa kuomba radhi, bali kwa sababu uhaba wa fedha una historia yake katika filamu za kutisha za Afrika Mashariki na ya Kati, na kila mtunzi huutatua kwa njia yake.

Katika miaka ya 2000 filamu za video za Dar es Salaam, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, ziliutatua kwa ujasiri: zilimleta kiumbe wa kutisha mbele ya kamera, kwa rangi za uso na kwa hila za kompyuta, na zikamwachia mtazamaji hiari ya kucheka au kukimbia. Mtazamaji wa filamu hizo anajua mapema ni nani wa kuogopwa. Si haki kuzidharau. Zilithibitisha kwamba hadithi za majini, mizimu na wachawi zinaweza kusimuliwa kwa Kiswahili bila kungoja msaada wa mtu. Huko Lubumbashi, Frank Mukunday na Tétshim walichukua njia nyingine katika filamu yao fupi ya uhuishaji, Machini (2019): walitumia vifaa vya bei rahisi kama mawe na chaki, wakaeleza jinsi viwanda vinavyomgeuza mtu kuwa chombo.

Baloji anachukua njia ya tatu. Fedha zake nyingi zinaonekana kwenda katika mavazi na rangi, kazi ambayo aliishughulikia yeye mwenyewe na ambayo ilimpatia maonyesho katika jumba la makumbusho la mitindo la Antwerp mwaka 2023. Lakini kitisho chenyewe hakina gharama. Ni tone la damu ya pua. Kila mtu hapa Kolwezi, hasa katika majira ya kiangazi vumbi linapokuwa jingi, amewahi kutokwa na damu ya pua. Tone hilo lingemdondokea mtoto katika chumba cha hospitali, muuguzi angelipangusa kwa pamba. Linamdondokea katika ua uliojaa watu ambao wamekuwa wakingoja kwa miaka thelathini lidondoke, na hapo linakuwa ushahidi.

Hapa ndipo tunapouona ustadi wa utanzu. Filamu ya kutisha ya kawaida humficha adui ili tumtafute. Augure inamficha adui kwa sababu hayupo, na inatuonyesha badala yake nyuso za wanaomtafuta. Kinachotutetemesha ni kule kuona shangazi na wajomba, watu waliokuwa wakiandaa chakula dakika chache zilizopita, wakisoma alama kwa pamoja na kukubaliana bila kusemezana. Koffi hawezi kuwajibu. Kiswahili alichojizoeza Ulaya kilikuwa cha kusalimia na cha kutoa mahari; hakujifunza Kiswahili cha kujitetea. Kuna kejeli ya ziada kwa mtazamaji wa kwetu: Marc Zinga, anayemwigiza Koffi, ni mzaliwa wa Likasi.

4. Mlozi na zabolo

Sasa tuje kwenye suala la lugha, ambalo ndilo fungu letu.

Jina Baloji lenyewe ni somo la mofolojia. Lina kiambishi ngeli ba-, mzizi -log-, na kiambishi tamati -i cha mtenda. Ni wingi. Kwa Kiswahili sanifu tungesema walozi. Kwa Kiswahili cha Katanga, ambacho kinasema bantu na batoto pale pwani inaposema watu na watoto, tunasema balozi, jambo ambalo humfanya mgeni kutoka Dar es Salaam ashangae akiambiwa kwamba mtaa fulani una balozi wengi. Mtunzi ameeleza mara nyingi katika mahojiano kwamba jina lake lilikuwa na maana ya mtu wa elimu, na kwamba wamisionari ndio walioligeuza kuwa na maana ya uchawi.

Kwa heshima zote, tungependa kutofautiana naye kidogo. Mzizi huu ni wa kale sana. Wanaisimu wa Kibantu wanaurudisha kwenye umbo *-dòg-, na vizazi vyake vimeenea pande zote: kuroga na mlozi katika Kiswahili, muloshi katika Kibemba, murogi katika Kikikuyu, mulogo katika Kiganda, muroyi katika Kishona, ndoki katika Kikongo na kutoka huko Kilingala. Katika lugha zote hizo maana inazunguka palepale, penye kumdhuru mtu kwa nguvu za siri. Neno lisingeliweza kukubaliana hivyo kutoka mdomo wa Mto Kongo hadi nyanda za Zimbabwe kama ubaya wake ungekuwa kazi ya wamisionari wa jana. Ni kweli kwamba mwenye ujuzi wa dawa aliogopwa na kuheshimiwa kwa pamoja, na kwamba mpaka kati ya mganga na mlozi ulitegemea nani anazungumza. Lakini mlozi hakuwa profesa.

Walichofanya wamisionari, kwa maoni yetu, ni kitu kingine, na filamu inakijua hata kama mtunzi hakukisema katika mahojiano. Walileta neno la pili. Zabolo ni diabolo aliyepitia vinywa vya Magharibi ya Kongo; lilikuja na Ukristo, likapanda mto kwa Kilingala, na leo linasikika hata katika nyua zetu za Kolwezi. Maneno haya mawili yanafanana katika tafsiri, lakini hayafanani katika sarufi.

Mlozi ni nomino ya mtenda. Nyuma yake kuna kitenzi, kuloga. Kitenzi hicho kinaelekea: kinahitaji yambwa, kinahitaji wakati. Ukisema "fulani ni mlozi", msikilizaji ana haki ya kuuliza: alimloga nani? Lini? Kwa kitu gani? Mashitaka yanaweza kujadiliwa, kukanushwa, kulipiwa fidia. Hata neno mchawi, ambalo kwa sasa halina kitenzi chake linalotumika, huazima kitenzi hichohicho: mchawi amemroga fulani. Zabolo halina kitenzi wala haliazimi. Hakuna anayeuliza zabolo amefanya nini, kwa kuwa uzabolo si tendo, ni asili. Hauna siku ulipoanza. Kwa hiyo hauna njia ya kujitetea, na dawa yake si fidia bali ni kufukuzwa.

Tusijidanganye kwamba zamani ilikuwa njema. Kesi za ulozi zilikuwa na mwavi, na mwavi uliwaua watu wasio na hatia. Lakini kwa kawaida aliyenyweshwa mwavi alikuwa mtu mzima, mwenye ndugu wa kumsemea. Kitu kilichoenea katika miji ya Kongo tangu miaka ya 1990, na ambacho wataalamu wa anthropolojia wamekiandikia sana, ni mashitaka dhidi ya watoto. Mtoto hana wa kumsemea, kwa kuwa wanaomshitaki ndio hao ambao wangepaswa kumsemea. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumtuhumu mtoto kwa ulozi. Sheria ipo, lakini neno hutangulia kufika uani kabla ya sheria.

Koffi aliitwa zabolo akiwa mchanga, kabla hajatenda lolote, hata kabla hajaweza kutamka neno. Sentensi iliyotamkwa juu yake haikuwa na kitenzi. Filamu nzima ni jaribio lake la kurudi nyumbani na kuomba kitenzi: niambieni nilifanya nini. Damu ya pua inapodondoka, ukoo unadhani umepata kitenzi hatimaye, amemdhuru mtoto, na furaha ya kutisha ya ugunduzi huo inaonekana machoni pao.

Tuseme wazi kwa nini jambo hili halituachi. Katika ua tuliokuwa tumepanga miaka michache iliyopita, mtoto wa jirani mwenye umri wa miaka kama tisa aliitwa zabolo siku moja jioni, baada ya mjomba wake kufukuzwa kazi na mdogo wake kuugua. Sisi, mwenye licence ya isimu, tuliuliza swali moja tu, tena kwa sauti ya chini: amefanya nini? Mwanamke mmoja akajibu: "Anajua ye mwenyewe." Hatukuendelea kuuliza. Usiku ule mtoto alilala barazani, na baada ya wiki hakuonekana tena. Tulipoutazama ule ua katika filamu ya Baloji, tuliwaona wale wanaoshika mikono ya Koffi, lakini tuliwatazama zaidi wale waliosimama nyuma, ambao hawakushika kitu.

5. Shimo na baba

Woga wa kuliwa si mgeni katika nchi hii. Wazee wa Katanga walisimulia habari za batumbula, watu waliosemekana kutumwa usiku na Wazungu kuwakamata Waafrika ili wanoneshwe na kuliwa. Jina lenyewe linatukumbusha kitenzi tumbua. Wachoraji wa Lubumbashi nao walimchora mara nyingi mamba muntu, mwanamke nusu samaki anayempa mtu utajiri kwa masharti mazito. Hadithi hizi zina nasaba moja na Augure. Zote zinauliza: utajiri huu unatoka wapi, na nani amelipwa ili upatikane? Lakini katika batumbula kitenzi kilikuwapo, na mtenda alijulikana anakotoka: alitumwa na wenye kampuni.

Katika Augure mgodi unaonekana kidogo, na baadhi ya watazamaji wetu walilalamikia hilo. Sisi tunadhani huo uchache ndio uzito wake. Baba hayupo mezani, hayupo uani, hayupo kupokea mahari. Yuko mgodini, jibu hilo linatolewa kama vile mtu angesema kwamba yuko msalani, jambo lisilohitaji maelezo. Mtoto wa Kolwezi analifahamu jibu hilo. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ikashuka hadi chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mnamo 2003 mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia ukawaondoa kazini wafanyakazi wapatao elfu kumi. Huko Kasulo, tangu kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014, wako baba walioanza kuchimba ndani ya vyumba vyao wenyewe.

Ni katika miaka hiyohiyo ya kuporomoka ndipo mashitaka dhidi ya watoto yalipoenea mijini. Hatudai kwamba sababu ni moja tu. Makanisa, vita, maradhi na ndoa zilizovunjika vina sehemu yake. Lakini filamu inatupangia mambo mawili kando kwa kando bila kuyatolea hotuba: shimo lililommeza baba, na mtoto mwenye alama usoni. Ukoo una neno moja la kutisha mkononi, na unapaswa kuamua utalitupia nani. Shimo lina vitenzi vingi: limemeza, limefukuza, limeua. Hata hivyo hakuna aliyeliita mlozi. Neno likamwendea yule asiye na kitenzi hata kimoja.

Kwa mtazamo huu, sura ya nne, ya Mujila, ndiyo kilele cha filamu. Tulidhani tumempata mkosaji: mama aliyemtupa mwanawe. Baloji anatuingiza ndani ya maisha yake, tunamwona mjane, mwanamke ambaye naye ametazamwa kwa jicho lilelile alilomtazamia Koffi. Mtazamaji aliyekwisha kumwita Mujila mbaya moyoni mwake, nasi tulikuwa miongoni mwao, anagundua kwamba amefanya kosa lilelile la ukoo. Amempa mtu jina, na hakuuliza.

6. Baadhi ya kasoro

Uhakiki usiotaja kasoro ni sifa za harusini. Kwanza, sura ya Paco inapendeza kwa macho lakini inaungana na nyingine kwa uzi mwembamba. Watoto wenye magauni ya waridi wanabaki akilini kama picha. Huzuni ya Paco kwa dada yake, ambayo ingeweza kuwa moyo wa sura, inashindana na mavazi na mara nyingine inashindwa. Watoto wa mtaani ndio walioathirika zaidi na neno tunalolijadili, na tungependa kuwasikia wakizungumza kwa muda mrefu zaidi kuliko tunavyowatazama.

Pili, Tshala anastahili zaidi ya alichopewa. Yeye ndiye mhusika pekee anayejaribu kuishi bila kuomba kibali cha wasomaji wa alama, na filamu inamwacha kabla hatujajua gharama ya uamuzi huo.

Tatu, kuna suala la mahali. Mji wa Augure hauna jina. Umeshonwa kutokana na vipande vya Kinshasa na vya Lubumbashi. Mtazamaji wa Ulaya hataona mshono. Mtazamaji wa Katanga anauona, na anajiuliza ukoo huu ni wa wapi, unaosema Kiswahili na wakati huohuo unamwita mtoto zabolo. Tulipoanza kuandika tulikusudia kulihesabu hili kuwa kosa. Sasa hatuna hakika hiyo. Lilingala limekuja kwetu kwa muziki, kwa jeshi na kwa mahubiri, na mtu wa Kolwezi anaposali, anaposhangilia na anapolaani huweza kuchukua maneno katika vikapu vitatu. Huenda mshono wa mji huo ni mshono wa vinywa vyetu. Hata hivyo, mtunzi angaliweza kutuonyesha kwamba anaujua mshono huo, kwa mfano kwa kumfanya bibi mmoja alikatae neno zabolo na kudai lile la zamani.

Nne, uzuri. Kuna nyakati picha za Augure ni nzuri kupita kiasi, na uzuri huo unatupa nafasi ya kupumua pale ambapo hatukustahili kupumua. Filamu ya kutisha yenye fedha kidogo ina nguvu moja kubwa: haiwezi kutubembeleza. Baloji mara nyingine anatubembeleza.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Augure ni filamu ya kutisha kwa maana kamili ya neno, na kwamba kitisho chake ni cha kiisimu kabla ya kuwa cha picha. Fani yake, yaani tone moja la damu, ua uliojaa jamaa, na mhusika asiye na lugha ya kutosha, inatumikia dhamira moja: hatari ya jina linalotolewa bila tendo. Tumedai pia kwamba hatari hiyo ilikua pale neno la kale la ulozi, lenye kitenzi na lenye kujibika, lilipounganishwa na neno geni lisilojibika.

Kuna kazi hapa kwa idara zetu. Msamiati wa mashitaka katika Kiswahili cha Katanga haujakusanywa ipasavyo. Tunahitaji kujua ni maneno gani hutamkwa, na nani, kwa lugha gani, mbele ya nani. Ni lini watu husema "amemuloga" na ni lini husema "ni mulozi" tu na kunyamaza. Mwanafunzi anayetafuta mada ya kumalizia masomo asiende mbali. Asikilize uani kwao.

Ama kuhusu swali tulilokuta mwanzoni, mulozi alikuwa nani, tulimjibu mwanafunzi wetu wiki iliyofuata, na jibu letu lilikuwa swali: alilogwa nani? Alifikiri kidogo. Akasema kwamba katika filamu yote hakumwona aliyelogwa. Aliwaona watu waliofungwa, waliofukuzwa na waliofiwa. Kisha akataka kujua kama anaweza kuipeleka filamu nyumbani, wakaitazame pamoja na mama yake. Tulimpa.